Kubweka ndiyo kazi ya mbwa

KUANZIA Njiro hadi Ilboru, chini ya Mlima Meru, mbwa mmoja akibweka usiku, wa mtaa mzima huitikia. Jirani aliyekoseshwa usingizi hadi adhana ya Alfajiri ana haki ya kulalamika. Lakini dawa yake si mkanda wa umeme.

Mkanda huo hufungwa shingoni, ncha zake mbili za chuma zikigusa ngozi. Koo likitikisika kwa kubweka, mbwa hupigwa shoti. Ukiachwa muda mrefu, ncha hizo hutia vidonda. Wales iliipiga marufuku mikanda ya namna hii mwaka 2010.

Sharia imeruhusu mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda, na wanazuoni wengi wakalinganisha na hao mbwa wa kulinda nyumba. Basi anayemfuga kwa ulinzi, kisha akamwadhibu kwa kubweka, anamtesa kwa kazi ile ile iliyomhalalishia kumfuga! Wala tusijifiche nyuma ya hukumu ya najisi. Hiyo ni ya tohara, si ruhusa ya kutesa. Bukhari na Muslim wamepokea habari za mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inakataza mateso yasiyo ya lazima. Mwenye mbwa na atazame kwanza: je, amefungwa mnyororo mfupi kutwa? Bakuli la maji limekauka? Baridi ya Meru inampiga? Kisha banda lihamishwe mbali na dirisha la jirani.