Ndege za petroli zinapungua, vijana wetu wameandaliwa?

MWEZI uliopita nilivuka mpaka wa Mugina, nikapita Manyovu hadi Kigoma kumsalimia kijana niliyemfundisha hesabu Rumonge. Leo ni rubani. Ana leseni ya biashara na saa mia kadhaa katika Cessna 206, ndege ndogo ya injini ya pistoni. Nilimkuta ameinamia kitabu kinene. Anajiandaa kuhamia Cessna Caravan, ndege ya turbini. Akaniambia, "Mwalimu, kusoma si shida. Shida ni kuisahaulisha mikono."

Mfanyabiashara wa Kobero au Gatumba anaweza kuuliza, injini ya ndege inamhusu nini? Inamhusu, kwa sababu ya mafuta. Ndege nyingi za pistoni hutumia petroli maalumu yenye risasi. Huku kwetu hupatikana viwanja vichache, tena kwa bei kali, na Marekani imejiwekea lengo la kuachana nayo ifikapo mwisho wa 2030. Turbini hutumia Jet A-1, ndugu wa mafuta ya taa, yale yale yanayotiwa kwenye ndege kubwa za abiria. Aliyepanga foleni ya petroli Bujumbura mwaka 2024 anaelewa haraka: chombo bila mafuta ni bati tu.

Ndiyo maana makampuni ya Tanzania na Kenya yanayobeba abiria wachache na mizigo midogo yanaitegemea sana Caravan. Ajira za vijana wetu ziko huko. Swali ni je, wanafika huko wakiwa tayari?

Injini ya pistoni ikigoma kuwaka, rubani hujaribu tena. Turbini haina msamaha huo. Huzungushwa kwanza kwa umeme wa betri hadi ifikie walau asilimia 12 ya mwendo wake, ndipo rubani afungue mafuta, macho yakiwa kwenye kipimajoto. Betri ikiwa dhaifu, joto hupanda ghafla. Kikomo cha kuwashia injini ya Caravan ni nyuzi 1,090 za Selsiasi, tena kwa sekunde mbili tu. Asipokata mafuta mara moja, injini yenye thamani ya nyumba kadhaa huungua kabla ndege haijasogea.

Angani nako kuna mtihani. Turbini iliyopunguzwa nguvu hadi chini huchelewa sekunde kadhaa kuitika. Rubani aliyezoea pistoni, akijikuta yuko chini na mwendo umepungua, atasukuma mtambo na kungoja nguvu ambazo hazijafika. Aidha, Caravan kubwa hupaa na karibu tani nne, zaidi ya mara mbili ya 206, na huenda kasi zaidi. Mambo ya kutua yaanze kupangwa mapema.

Ni kweli kwamba turbini huharibika mara chache kuliko pistoni. Lakini turbini haioni ndani ya mawingu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya ATR 42, yenye injini mbili za turbini, ilianguka Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walifariki.

Kijana wangu ana njia mbili. Kampuni moja inamtaka aanze upesi, ajifunzie kazini. Nyingine inamtaka amalize kozi kamili kwa gharama yake. Mama yake, muuza mawese wa Rumonge, aliniuliza achague ipi. Nilimjibu kwa kumsimulia habari zangu.

Nilizaliwa na kusomea Ulyankulu, Tabora, kwa Kiswahili na Kiingereza. Niliporejea mwaka 2009 na cheti changu cha ualimu, ofisi moja ilinituma kufundisha kwa Kifaransa Jumatatu iliyofuata, bila hata wiki moja ya kuandaliwa. Hesabu zilikuwa zile zile, lakini ulimi haukuwepo. Walioumia ni wanafunzi wa mwaka ule. Hata hivyo, kosa langu lilifutwa kwa dasta. La rubani halifutiki. Nilimwambia, "Mama, lipa kozi."

Lakini si haki mzigo huu kumwachia muuza mawese peke yake. Chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, kilianzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, na ile iliyovunjika mwaka 1977. Burundi na Rwanda ziliingia katika Jumuiya mpya mwaka 2007. Wawakilishi wetu huko wadai mafunzo ya turbini yenye ufadhili kwa vijana wa nchi zote, na mamlaka za anga zikague kampuni zinazowapandisha marubani haraka haraka.

Sisi tuliorejea tunajua kwamba kuvuka mpaka si kufika. Leseni nayo ni mpaka tu.