UCHAMBUZI: Mikopo ya elimu ya juu, jukwaa la wataalamu na safari ya mwombaji wa Karatu

KARATU, ARUSHA – Wataalamu wa ugharamiaji wa elimu ya juu wanapokutana katika kumbi za Arusha, ratiba ya mikutano ya namna hiyo aghalabu hufungwa kwa ziara ya Kreta ya Ngorongoro. Njia ya kwenda huko hupita Karatu, mji wa mwisho kabla ya Lango la Loduare. Pembeni mwa barabara hiyo wanaishi watu ambao mada za ukumbini zilikuwa zikiwahusu: mkulima wa ngano wa Rhotia, mzalishaji wa vitunguu wa Mang'ola na mfugaji aliyeshuka kutoka Endulen kuja kutafuta huduma ambazo kijijini kwake hazipo.

Swali linalofaa kuulizwa na mwananchi anayefuatilia taarifa za Serikali ni hili: katika majukwaa hayo nani huzungumza, huzungumza nini, na yanayosemwa humfikiaje kijana aliyemaliza kidato cha sita katika wilaya za Karatu na Ngorongoro?

Sauti tatu za jukwaani

Wazungumzaji wa mikutano hii kwa kawaida huwa wa makundi matatu. Kundi la kwanza ni viongozi wa sera, yaani wizara zenye dhamana ya elimu na fedha. Hoja yao kuu huwa bajeti, na kwa upande wa Tanzania wana la kueleza. Fungu la mikopo ya elimu ya juu lilikuwa takriban Shilingi bilioni 464 mwaka wa fedha 2020/21. Lilipanda hadi bilioni 570 mwaka 2021/22, bilioni 654 mwaka 2022/23, bilioni 731 mwaka 2023/24 na bilioni 787 mwaka 2024/25. Aidha, kuanzia mwaka 2022/23 ilianzishwa Samia Skolashipu kwa wahitimu wa kidato cha sita waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi, na mwaka 2023/24 mikopo ikaanza kutolewa pia kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele.

Ongezeko hilo halikuja kwa bahati. Elimu bila ada ilianza mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikapanuliwa hadi kidato cha tano na cha sita. Kila hatua ya upanuzi huko chini huongeza idadi ya vijana wanaofika kwenye lango la chuo kikuu, na wengi wao hutoka katika kaya ambazo hapo awali zisingemudu kumfikisha mtoto huko.

Kundi la pili ni watendaji wa taasisi za mikopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Kenya ilitangulia kwa kuunda HELB mwaka 1995. Uganda ilifuata kwa sheria ya mwaka 2014, nayo Rwanda ilikabidhi jukumu hilo kwa Benki ya Maendeleo ya Rwanda. Watendaji wa taasisi hizi hukutana kwa sababu tatizo lao linafanana: mikopo ni fedha inayozunguka, na isiporudi haitamfikia mwingine.

Kundi la tatu ni maafisa mikopo wa vyuo. Hawa ndio wanaojua kinachotokea baada ya majina kutangazwa: mwanafunzi aliyepangiwa fedha lakini hajasaini malipo, aliyebadilisha chuo, au aliyeahirisha mwaka bila kutoa taarifa. Kuhamia mifumo ya kidijitali, ambapo mwanafunzi huthibitisha malipo kwa alama ya kidole na fedha kuingia katika akaunti yake, kumepunguza foleni zilizokuwa jambo la kawaida vyuoni.

Sauti hizo tatu ni muhimu, na mikutano isingekuwa na maana bila hizo. Hata hivyo, ipo ya nne ambayo ni nadra kuikuta katika orodha ya wazungumzaji: sauti ya mtendaji wa kijiji au wa kata, mtu ambaye mwombaji humkuta wa kwanza kabla ya kuifahamu bodi yoyote.

Safari inayoanzia kijijini

Ili kuelewa uzito wa sauti hiyo, ni vyema kuzifuata hatua za maombi jinsi zilivyo. Mwombaji anapaswa kuwa Mtanzania asiyezidi umri wa miaka 35, aliyedahiliwa katika chuo kinachotambuliwa, na asiye na ajira inayomwingizia kipato. Maombi hufanyika kwa njia ya mtandao. Fomu huchapwa na kusainiwa na mwombaji pamoja na mdhamini wake, huthibitishwa na serikali ya kijiji au mtaa, hupelekwa kwa wakili au kamishna wa viapo, kisha hupakiwa tena mtandaoni. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, au na mamlaka husika kwa waliozaliwa Zanzibar. Aliyefiwa na mzazi huambatisha cheti cha kifo kilichohakikiwa, na aliyetoka kaya inayonufaika na TASAF huonesha uthibitisho wake.

Mjini, hatua hizi zinaweza kukamilika kwa siku mbili. Katika Tarafa ya Ngorongoro, hesabu ni tofauti. Makao makuu ya wilaya yako Loliondo, upande wa kaskazini, mbali na Endulen, Kakesio au Nainokanoka. Kwa mkazi wa vijiji hivyo, mji wenye benki, wakili na duka la kuchapa fomu ulio karibu zaidi ni Karatu, ambayo ni wilaya nyingine. Kwa hiyo saini ya kijiji hupatikana nyumbani, saini ya wakili hupatikana Karatu, na shauri la cheti cha kuzaliwa linaweza kumrudisha mwombaji upande wa Loliondo. Ukurasa mmoja ukikosa muhuri, safari inaanza upya.

Kwa upande wa Karatu yenyewe, tofauti zipo pia. Kijana wa mjini au wa Oldeani yuko karibu na huduma. Kijana wa jamii ya Wahadzabe au Wadatoga katika bonde la Ziwa Eyasi hayuko karibu kiasi hicho, na huenda akawa wa kwanza katika ukoo wake kufika kidato cha sita. Nyumbani hakuna mtu aliyewahi kujaza fomu kama hiyo wa kumwelekeza.

Suala la cheti cha kuzaliwa linastahili kutazamwa kwa makini. Mpango wa RITA wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, ulioanza mwaka 2013 mkoani Mbeya na kuenea hatua kwa hatua katika mikoa mingine, umepeleka usajili katika ofisi za kata na vituo vya tiba, na cheti hutolewa bila malipo. Mtoto anayesajiliwa leo chini ya mpango huo hatakuwa na tatizo hilo atakapomaliza kidato cha sita. Lakini wanaoomba mikopo sasa walizaliwa kabla mpango haujawafikia. Kizazi hiki cha kati ndicho kinachohitaji kusaidiwa mapema, na mwezi ambao dirisha la maombi linafunguliwa si wakati wa kuanza kutafuta cheti.

Umaskini unapimwaje?

Suala jingine ambalo mtendaji wa kijiji angelieleza vizuri kuliko mtaalamu wa takwimu ni kipimo cha uhitaji. Mikopo hutolewa kwa kuangalia hali ya kaya, na kwa mwajiriwa mwenye hati ya mshahara kazi hiyo ni nyepesi. Kwa mfugaji, utajiri wa kaya unatembea kwa miguu minne na unaweza kufa ndani ya msimu mmoja. Ukame wa mwaka 2009 na ule wa 2021 hadi 2022 uliua mifugo mingi katika wilaya za kaskazini mwa nchi. Kaya iliyokuwa na ng'ombe wa kutosha mwezi Machi inaweza kuwa haina wa kuuza mwezi Oktoba, chuo kinapofunguliwa. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo hakiruhusiwi, hivyo hakuna shamba la kuziba pengo hilo.

Kwa miaka mingi Baraza la Wafugaji la Ngorongoro, kwa fedha zilizotokana na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, limewasomesha vijana wengi wa tarafa hiyo. Ufadhili wa namna hiyo ni msaada mkubwa, na katika maombi ya mkopo una umuhimu wa pili: mwanafunzi aliyefadhiliwa katika ngazi za chini hutakiwa kuwasilisha uthibitisho wa mfadhili, ili ada iliyolipwa na wengine isihesabiwe kuwa ni uwezo wa mzazi wake. Kijana asiyejua hilo anaweza kuonekana ametoka familia yenye kipato, ilhali mzazi wake hajawahi kulipa ada hiyo. Vilevile, kwa kaya zilizohama Ngorongoro kwenda Msomera wilayani Handeni tangu mwaka 2022, mwombaji anahitaji kuhakikisha kuwa taarifa za makazi, za shule aliyosoma na za mdhamini hazipingani.

Uzoefu wa jirani unaonesha kwa nini jambo hili si dogo. Mwaka 2023 Kenya ilizindua mfumo mpya wa kugharamia vyuo vikuu unaowapanga wanafunzi katika makundi kulingana na hali ya kaya. Malalamiko makubwa yaliyofuata yalitoka kwa wanafunzi waliosema wamewekwa katika kundi lisilolingana na uwezo wa wazazi wao. Serikali iliunda kamati ya kuupitia, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikautangaza kuwa kinyume cha Katiba, kisha shauri likaendelea katika Mahakama ya Rufani. Somo kwa nchi zote za ukanda huu ni kwamba fomula nzuri haitoshi ikiwa taarifa zinazoingizwa ndani yake hazitoki kwa anayeijua kaya.

Dawa ya deni

Upande wa pili wa shilingi hii ni urejeshaji. Mikopo iliyotolewa tangu Julai 1994 inatakiwa kurudishwa. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mnufaika na kuwasilisha makato hayo kila mwezi. Mnufaika aliyejiajiri naye anawajibika kulipa. Serikali kwa upande wake ilipunguza mzigo: katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021 jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na adhabu ya asilimia 10 kwa wachelewaji ikaondolewa mwaka huohuo.

Kwa hiyo mwalimu aliyesoma kwa mkopo na sasa anafundisha Karatu, na mwongoza watalii aliyejiajiri baada ya kuhitimu, wote wawili wamo katika mnyororo mmoja na kijana wa Endabash anayejaza fomu mwaka huu. Mwalimu Julius Nyerere alipata kumfananisha msomi na mtu aliyelishwa akiba ya mwisho ya kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda kuwatafutia wenzake chakula. Dawa ya deni ni kulipa, na katika jambo hili anayelipwa ni mdogo wake mnufaika.

Hatua zilizo mikononi mwa wananchi

Wakati majukwaa ya wataalamu yakiendelea na kazi yake, yapo mambo ambayo familia, shule na ofisi za vijiji zinaweza kuyafanya bila kusubiri tamko jipya. Mwanafunzi wa kidato cha tano ahakikishe sasa kuwa anacho cheti cha kuzaliwa na kwamba majina yaliyomo yanafanana na ya vyeti vya mitihani. Maombi ya cheti na uhakiki yanaweza kuanzishwa kupitia mfumo wa eRITA. Aliyesomeshwa na mfadhili aombe barua mapema. Mwenye ulemavu, yatima au mnufaika wa TASAF atunze uthibitisho wake. Mzazi asikubali kumkabidhi mtu wa mitaani namba za siri za mtoto kwa ahadi ya kupata mkopo, kwani maelekezo rasmi hutolewa na HESLB yenyewe, ikiwemo kupitia ofisi yake ya kanda iliyopo Arusha. Asiyeridhika na kiwango alichopangiwa anayo haki ya kukata rufaa dirisha la rufaa linapofunguliwa.

Kwa waandaaji wa mikutano ijayo, Karatu inatoa pendekezo lisilo na gharama kubwa: pamoja na mawaziri, watendaji wakuu na maafisa wa vyuo, nafasi moja ya kuzungumza itengwe kwa mtendaji wa kijiji anayegonga muhuri kwenye fomu hizi. Atakachoeleza ni jinsi mwombaji anavyofika ofisini kwake, akiwa na nini na akiwa amekosa nini. Bajeti ya mikopo imeongezeka kwa zaidi ya Shilingi bilioni 300 ndani ya miaka minne. Fedha hizo zitakuwa zimefika zilikokusudiwa pale kijana wa Kakesio atakapokamilisha maombi yake kwa safari moja ya Karatu badala ya nne.