Isiolo ni Mbali kwa Nani?

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Isiolo ni kilomita 200 hivi kwa mstari ulionyooka angani. Ndege ndogo ya abiria humaliza safari hiyo kwa muda usiofika saa moja. Kwa barabara ni kilomita 285 hivi, na abiria wa basi hupoteza sehemu kubwa ya mchana njiani.

Hesabu hizo ni sahihi, lakini hazitoshi. Wazee wetu walipoulizwa umbali walijibu, "mwendo wa siku mbili". Neno mwendo limebeba mambo matatu: masafa, muda na mwenye kwenda. Masafa yaweza kuwapo pasipo msafiri, mwendo hauwezi. Ndiyo maana naona yafaa tuulize kwanza ni nani anayekwenda.

Katika zama za ukoloni Isiolo ilikuwa mlango wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo lililofungwa, ambalo mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Umbali wa huko ulipimwa kwa ruhusa ya serikali. Hata baada ya uhuru, watu wa kaskazini walipofunga safari ya Nairobi walisema wanakwenda Kenya. Msemo huo haukuwa mzaha. Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale, yenye urefu wa kilomita 500 hivi, ilikamilika uhuru ukiwa umepita nusu karne.

Uwanja wa Isiolo ulifunguliwa rasmi mwaka 2017. Ulipewa sifa ya kimataifa, ilhali njia yake ya kurukia ndege ilikuwa na urefu wa kilomita 1.4 hivi. Ile ya Eldoret, iliyojengwa miaka ya 1990, ina kilomita 3.5. Ndege kubwa ya mizigo haitui kwa sababu ya jina. Hutua penye njia ya kuitosha. Pasipo njia hiyo, nyama ya mfugaji wa Isiolo na miraa ya mkulima wa Meru hazina budi kushuka Nairobi kwa gari kabla ya kupanda ndege ya kwenda ng'ambo.

Sisemi kwamba uwanja huo hauna faida. Kwa mgonjwa mahututi, saa zinazookolewa angani ni uhai. Ninalosema ni kwamba safari haifupiki kwa wote ikiwa imefupika kwa wenye nauli peke yao.

Mwalimu wa hisabati aweza kuwauliza wanafunzi wake: ndege ikienda kilomita 400 kwa saa, itachukua muda gani kutoka Wilson hadi Isiolo? Watajibu, nusu saa. Basi na awaongezee swali la pili: nauli yake ni sawa na mbuzi wangapi?