Goma: Mafunzo ya ujasiriamali yana faida gani benki zikifungwa?

Waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki za mji zilifunga milango. Lakini somo la ujasiriamali tulilozoea linaanza palepale: andika mpango wa biashara, upeleke benki, omba mkopo.

Mwaka 2001, Saras Sarasvathy, mtafiti mzaliwa wa India anayefundisha Marekani, alieleza njia nyingine. Wafanyabiashara wazoefu, alisema, huanza na kile walicho nacho: wanachojua na watu wanaowajua. Kabla ya kuhesabu faida, wanajiuliza wanaweza kupoteza kiasi gani bila kuanguka. Mama wa soko la Virunga anayenunua gunia moja la makala badala ya matano, kwa feza za likelemba, anafanya hesabu hiyohiyo, na hakuna aliyemfundisha.

Je, fikra hiyo inafundishika? Huko Lomé, Togo, watafiti waligawa wafanyabiashara wadogo 1,500 katika makundi matatu. Waliofundishwa kujituma na kutafuta nafasi wenyewe waliongeza faida kwa asilimia 30 kuliko wasiofundishwa chochote. Waliopewa masomo ya kawaida ya biashara, kama hesabu na uuzaji, walifikia asilimia 11 tu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017.

Ila Lomé ilikuwa na benki na bandari zikifanya kazi. Kwetu hata uwanja wa ndege ulifungwa. Mwalimu anayemwambia kijana wa Goma "badilisha fikra" amwonyeshe kwanza: gunia likikosa mnunuzi, nani atabeba hasara?