Siku za mvula ziandikwe mu kalendari ya masomo

Mwezi wa kwanza uliopita, yaya wangu anayeishi Montréal, kule Kanada, alinipigia simu saa nane ya mchana. Kwao ilikuwa saa moja ya asubuhi. Nyuma yake nilisikia batoto wanacheza na kupiga kelele. Nikamuuliza: « Yaya, leo kwenu ni siku kuu? » Akacheka. « Hapana, mudogo wangu. Theluji imejaa ku barabara, masomo bamefunga. » Nikamuambia pole, siku ya watoto imepotea. Akanijibu: « Haipotee. Iko mu kalendari. »

Wakati tunaongea hivyo, hapa kwetu Kolwezi mvula ilikuwa inapika juu ya manjanja, hata sauti yake nilikuwa naisikia kwa shida. Mlango ukafunguka, mtoto wangu wa la sita primeri akaingia. Alikuwa amelowa kuanzia kichwa mpaka viatu. Alitembea karibu saa nzima mu potopoto, akafika ku masomo, akakuta mwalimu mmoja na watoto kumi na wawili. Wakawaambia warudi nyumbani. Hiyo siku yake haikuandikwa mu kalendari yoyote. Ilipotea kabisa, na hakuna mtu aliyesema kitu.

Theluji sisi tunaijua zaidi mu Biblia. Mu inchi yetu iko paka juu kabisa ya milima Ruwenzori, na hakuna masomo kule. Lakini yale ambayo yaya aliniambia yamenikaa mu kichwa tangu ile siku, na nilimuomba anielezee vizuri.

Iko hivi. Kule Québec kalendari ya masomo ina siku 200 kwa yote. Katika hizo, 180 kwa uchache ni za kufundisha watoto. Zile zingine ni za walimu: kutayarisha, kusahihisha, kufanya mikutano. Sasa, kati ya hizo siku za walimu, kuko chache ambazo wanaziwekea sharti tangu mwanzo wa mwaka: kama dhoruba itafunga masomo, basi hii siku tarehe fulani itakuwa ya kufundisha. Kama dhoruba haikuja, watoto watakaa nyumbani. Mzazi anajua hayo tangu mwezi wa tisa. Marekani pia, wilaya nyingi zinaweka siku chache pembeni kwa ajili ya theluji, juu sheria ya majimbo mengi inadai idadi ya siku, kama New York ambako ni 180. Ni kweli kwamba mji wa New York wenyewe, mwaka 2020, uliachana na siku za theluji: masomo yakifungwa, mtoto alikuwa anasomea ku ordinatere nyumbani. Kwetu, na kura ya SNEL tunayoijua, wazo hilo tuliache kwanza.

Tuangalie sasa kalendari yetu. Masomo yanaanza siku ya posho ya kwanza ya mwezi wa tisa, yanaisha mwanzo wa mwezi wa saba. Huku Lualaba na Haut-Katanga mvula inaanza mwezi wa kumi na inakatika mwezi wa ine. Mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza na wa pili ndiyo mibaya: kule Lubumbashi kila mmoja unaweza kupita milimeta 200 za mvula. Mwezi wa saba na wa nane, hakuna hata tone. Maana yake nini? Siku nzuri kabisa za kutembea, wakati barabara ni kavu na mito ni midogo, tumezipa vakansi. Siku mbaya kabisa ziko katikati ya mwaka wa masomo. Sisemi tugeuze vakansi, hilo ni jambo kubwa lingine. Nasema tu: mtu aliyepanga hii kalendari alijua kuhesabu siku kuu zote, tarehe 4, tarehe 16 na tarehe 17 za mwezi wa kwanza, lakini mvula hakuihesabu, nayo inakuja kila mwaka kushinda siku kuu.

Mimi ni mtu wa karieri. Nimefanya kazi mu mungodi zaidi ya miaka makumi mawili, na miaka kadhaa sasa ni delege wa sendika. Acha niwaambie vile mvula inahesabiwa kwetu. Dumpa ya tani mia ikiwa imejaa mawe, na njia ya kushuka mu karieri imelowa, breki haisaidie tena. Kwa hiyo mvula kubwa ikianza, radio inasema: simamisheni. Shoferi anaegesha dumpa, anangoja. Pampu zinatoa maji chini. Baadaye greda inapita kukwangua njia, kisha kazi inaanza tena. Mtu wa nje akiona hivyo atafikiri kampuni inashituka na kulia hasara. Hapana! Watu wa biro ya mipango wamekwisha kuandika saa hizo tangu mwaka mpya haujaanza. Wanasema: mwezi wa kwanza tutapoteza saa hizi na hizi kwa mvula, basi mwezi wa saba tutachimba zaidi. Shaba ya mwaka mzima inatoka sawa vile ilivyopangwa, au karibu.

Hapo ndipo roho inaniuma. Mu mji mmoja, chini ya mawingu yale yale, dumpa iko na siku zake za mvula na mtoto hana.

Na tusidanganyane, hata kwetu haikuja bure. Zamani, kwa mwajiri mmoja niliyefanyia kazi, saa za mvula walitaka kuzikata ku konji ya wafanyakazi. Tulikaa mezani posho tatu. Swali lilikuwa moja tu: mvula inanyesha juu ya nani? Juu ya kampuni ao juu ya shoferi? Mwishowe ikaandikwa kwamba shoferi anayengoja ku dumpa yuko kazini. Ku masomo swali hilo halijawahi kuulizwa, na kwa sababu halijaulizwa, jibu limejitoa lenyewe: mvula inanyesha juu ya mtoto. Programu inabaki ile ile. ENAFEP inakuja na maswali ya programu yote, Exetat vilevile. Hakuna anayesahihisha akisema, huyu ni wa upande wa Kapata, tumuachie lesoni tano zilizochukuliwa na maji.

Mwezi wa sita nilichukua kayé ya mtoto wangu, ile ya hesabu. Mwalimu wake ni mtu wa haki, kila siku anaandikisha tarehe juu ya ukurasa. Nikaweka kalendari pembeni, nikaanza kutafuta tarehe ambazo haziko, kutoka mwezi wa kumi na moja mpaka mwezi wa tatu. Nikapata tisa. Nikamuuliza mtoto, tukakumbuka pamoja na mama yake. Tatu, mvula haikuwa na kosa: matanga ya mwalimu mmoja, mkutano, na siku moja ambayo mtoto mwenyewe alikuwa na malaria. Zilizobaki sita ni za mvula tupu. Huyu ni mtoto anayesoma asubuhi.

Wale wa mchana ni habari nyingine. Tangu masomo ya primeri yalipofanywa bila malipo mwezi wa tisa 2019, kama Katiba ya 2006 ilivyokuwa imesema tayari, kalasi zimejaa, na mahali pengi jengo moja linafanya kazi mara mbili: kikundi cha asubuhi, kikundi cha mchana. Ni jambo zuri, watoto ambao walikuwa wanazunguka mu masoko wameingia ku masomo. Lakini kila mtu wa Katanga anajua mvula yetu inapenda saa gani. Asubuhi jua linawaka, saa saba mawingu yanasimama, saa nane inaanguka. Kikundi cha mchana ndicho kinachopigwa. Hata wakifika, ndani ya kalasi yenye manjanja bila plafon, mwalimu anafungua kinywa na hakuna anayesikia. Watoto wanakaa wanangoja mvula ipungue, na ikipungua ni saa ya kurudi. Mu registre wanaandikwa wote: wapo. Siku imehesabiwa, lakini hakuna kilichofundishwa.

Na kuko hatari yenyewe. Mwenzangu wa posti moja, mtoto wake aliteleza mwaka jana akivuka kijito kilichojaa, akienda ku masomo. Wamama waliokuwa wanafua karibu ndio walimkamata mkono. Mkoba ulienda na maji, na makayé yote ya mwaka. Alikuwa amekwenda kwa sababu hakuna mtu aliyewaambia wazazi kama leo masomo yako ao hayako. Baba yake, ile siku ile ile, alikuwa ameketi ndani ya dumpa iliyosimamishwa juu ya mvula.

Watu wataniambia: siye tulikua tunatembea mu mvula, hatukufa. Ni kweli, nami nilitembea. Lakini tuliokua pamoja, wale waliobaki njiani na hawakufika ku Exetat, nani aliwahesabu?

Sasa, siku ngapi? Sitaki kusema makumi mawili ili watu wapige makofi. Siku za akiba zikiwa nyingi zitaliwa: wingu moja tu, direkta anafunga mlango. Zikiwa mbili, hazitoshi hata mwezi wa kwanza. Kwa Lualaba na Haut-Katanga mimi naomba sita. Ni hesabu ya kayé moja, najua, na kama wakubwa wa elimu wa jimbo wana hesabu bora, waitoe tuione. Wanaweza kuipata kwa urahisi: kila direkta aandike mvua zote zilizofunga kalasi kwa mwaka mmoja, asubuhi na mchana mbalimbali, bila kuogopa kuhojiwa. Tatu ziwekwe mu vakansi ndogo ya Pasaka, tatu mwisho wa mwaka, mbele ya proklamasio. Mvua zikituhurumia, siku hizo watoto wanapumzika na walimu pia, kama kwa yaya kule Québec. Na kikundi cha mchana kihesabiwe peke yake, kisifichwe nyuma ya kile cha asubuhi.

Nani aamue kufunga? Si kila direkta peke yake, na si Kinshasa. Kinshasa wanatia sahihi kalendari moja kwa inchi yote, lakini ekweta inapita katikati yetu: sisi tukiwa ndani ya potopoto mwezi wa kwanza, watu wa Bas-Uélé wana kiangazi, na mwezi wa nane ni kinyume. Kalendari ibaki moja, lakini siku za akiba kila jimbo la elimu lizipange kufuatana na mvula yake. Habari ipite ku radio za mji mbele ya saa kumi na mbili ya asubuhi, na tena saa tano kwa wale wa mchana. Radio zetu zinatangaza matanga kila asubuhi, hazitashindwa na hili.

Jambo moja nataka lieleweke, juu nawajua watu. Siku za mvula zisitumiwe kulipia siku za mgomo. Mwezi wa tisa 2024 mwaka wa masomo ulianza na walimu wengi wako nyumbani, wakidai mshahara wa mtu. Mimi ni wa sendika, sitamlaumu mwalimu anayegoma, hasa yule anayefundisha miaka mingi bila kuwa ku listi ya malipo. Mvula haina mtu wa kuongea naye. Mgomo una mtu, na anajulikana, na ana ofisi. Serikali ikipata siku sita za akiba na kuzitumia kufunika mgomo, itakuwa imepata njia ya kuchelewa kulipa, na mwezi wa kwanza ukifika akiba itakuwa imekwisha. Tena mwalimu anayeitwa kufundisha mu vakansi ya Pasaka ahesabiwe kwamba yuko kazini, kama shoferi ndani ya dumpa yake. Primi yake iandikwe mbele, isiahidiwe kwa mdomo.

Wengine watasema kalendari haiguswi. Iliguswa. Mwaka 2020, juu ya Covid, masomo yalifungwa mwezi wa tatu, wanafunzi wa mwisho wakarudi mwezi wa nane, na mwaka mpya ukaanza tarehe 12 mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi na mbili wakafunga tena mpaka tarehe 22 mwezi wa pili 2021. Karatasi zile zilibadilishwa mara nyingi kwa muda mfupi, na wino haukukosekana.

Siku sita hazitatengeneza daraja, wala hazitaweka plafon mu kalasi. Madaraja na plafon tutaendelea kuyadai, na redevance ya mungodi tunajua iko. Lakini daraja linangoja bajeti, wakati siku sita zinangoja sahihi tu, na kalendari ya mwaka unaokuja inatiwa sahihi mbele ya vakansi kuisha. Komite ya wazazi ku masomo ya mtoto wangu itakutana posho hii, siku ya sita, saa ine ya asubuhi. Nitakwenda na ile kayé ya hesabu, tarehe zinazokosa nimezizungushia bic nyekundu. Wazazi wengine waje na za watoto wao, hasa wale wa mchana.