Acheni kuwalilia Ballyhale na Ballygunner

Wadau, leo nimeamka na ugomvi, na ugomvi wenyewe uko mbali kidogo: Ireland. Wanaonijua wanajua nina ugonjwa wa kufuatilia michezo ambayo kijiweni sipati hata mtu mmoja wa kubishana naye. Kwa sasa ugonjwa huo unaitwa hurling.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: timu mbili za watu 15, kila mtu na fimbo ya mbao iliyopanuka mwishoni, wanagombea kijipira kigumu kinachokwenda kasi mpaka macho yanachoka kukitafuta. Ukikipitisha juu ya mwamba wa goli, katikati ya nguzo, unapata pointi 1. Ukikitia wavuni ni goli, na goli lina thamani ya pointi 3. Matokeo huandikwa magoli kwanza, kwa hiyo 2-17 ni jumla ya pointi 23. Shikeni hesabu hiyo, tutaihitaji mbele.

Sasa njoo kwenye ugomvi. Mashabiki wa hurling ya klabu wana wimbo mmoja, na kila msimu ukifika wanaanza upya: "Wale wale tena!" Wanaoimbwa ni Ballyhale Shamrocks wa kaunti ya Kilkenny, wenye ubingwa wa klabu wa Ireland nzima mara 9, na Ballygunner wa Waterford, waliobeba ubingwa wa kaunti yao miaka 11 mfululizo, 2014 hadi 2024. Malalamiko yakikolea, yanazaa mapendekezo. Klabu kubwa igawanywe mbili. Wabanwe kwa sheria. Ubingwa utungiwe utaratibu mpya ili na wengine waonje.

Mimi nasema hapana. Tena nasema hapana kwa sauti.

Wengi wetu tumelelewa na soka, na tukisikia timu inatawala akili inakimbilia kwenye pesa: tajiri kaja, kamwaga mapesa, kanunua kila anayejua kupiga mpira. Huku hakuna kitu kama hicho. Hurling iko chini ya GAA, chama kilichoanzishwa mwaka 1884, na ni mchezo wa ridhaa. Mchezaji halipwi mshahara. Jumapili anashangiliwa, Jumatatu yuko kazini kama mimi na wewe. Wala huwezi kuamka asubuhi ukahamia klabu ya jirani kwa kuwa inashinda. Unachezea kwenu, na kuhama kunataka kibali. Kilkenny wanasifika kwa kubana zaidi: parokia yako ndiyo klabu yako.

Kwa hiyo Ballyhale wamemwibia nani? Hawa ni watu wa kijijini. Klabu yenyewe ilizaliwa mwaka 1972 pale vijiji vitatu, Ballyhale, Knocktopher na Knockmoylan, vilipoamua kuungana. Mwaka 1981 walipochukua ubingwa wa Ireland kwa mara ya kwanza, kikosini kulikuwa na ndugu saba wa tumbo moja, akina Fennelly. Saba! Utawagawaje hao? Wanne wabaki, watatu wapelekwe kwa jirani ili roho yake itulie?

Tena huo utawala unaosemwa, hebu tuuhesabu. Ubingwa wa klabu wa Ireland nzima ulianza msimu wa 1970/71, na katika miaka yote hiyo hakuna klabu iliyowahi kuuchukua mara tatu mfululizo. Hakuna hata moja. Kuanzia 2016 hadi 2025 zilichezwa fainali 9 (2021 haikuwepo kwa sababu ya korona) na mabingwa walikuwa sita tofauti: Na Piarsaigh, Cuala, Ballyhale, Ballygunner, St Thomas' na Na Fianna. Ligi ngapi za soka zinaweza kujivunia orodha kama hiyo?

Ballyhale waliikaribia hiyo mara ya tatu mfululizo. Fainali ya 12 Februari 2022, Croke Park, walikuwa wanaongoza hadi dakika za majeruhi. Mchezaji wa akiba wa Ballygunner, Harry Ruddle, akatia mpira wavuni. Mwisho: 2-17 kwa 1-19. Pigeni ile hesabu yetu: 23 kwa 22. Jitu likaanguka kwa pointi moja, na aliyeliangusha ni jitu lenzake, ambalo siku ile ndiyo kwanza lilikuwa linaipa Waterford ubingwa wa klabu wa Ireland. Na katika ile miaka 11 ya Ballygunner kutamba kwao, ubingwa wa Ireland waliupata mara hiyo moja tu.

Najua mtanijibu: wewe unatutajia Ireland nzima, sisi tunalia na kaunti. Sawa. Hapo mna hoja, sitaificha. Mtoto wa Waterford aliyekuwa na miaka 8 mwaka 2013, Passage walipokuwa mabingwa, alifikisha miaka 19 mwaka 2024 bila kuona bingwa mwingine zaidi ya Ballygunner. Kwa mtoto wa klabu nyingine hilo linaumiza, na ukimwambia "jitahidi tu" anaweza kukuona unamdhihaki.

Lakini dawa ni ipi? Tazameni Kilkenny. Ballyhale walitwaa ubingwa wa kaunti mara tano mfululizo, 2018 hadi 2022. Hakuna aliyewagawa. Mwaka 2023 O'Loughlin Gaels wakawafunga fainali. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Thomastown, majirani zao wa kusini mwa Kilkenny, ambao mwanzoni mwa mwaka huo huo walikuwa wametoka kuchukua ubingwa wa Ireland wa daraja la pili. Mara ya mwisho Thomastown kuwa mabingwa wa Kilkenny ilikuwa 1946. Miaka 78! Hawakusaidiwa na sheria. Walitengeneza timu, wakapanda daraja, wakabisha hodi, mlango ukafunguka. Wahenga walishasema, mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kelele hizi zinaficha jambo la kuogopesha kweli. Klabu ya kijijini Ireland haiuawi na Ballyhale. Inauawa na kukosa watu. Vijana wanakwenda Dublin kutafuta kazi, wengine wanavuka bahari, na kijiji kinabaki kinahesabu vidole kama kitapata wachezaji 15. Sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya watu milioni 1.4 katika kaunti ya Dublin. Kilkenny ilikuwa na takriban 104,000. Kabla ya 2017 hakuna klabu ya Dublin iliyokuwa imewahi kubeba ubingwa huu. Kuanzia 2017 hadi 2025 zilichezwa fainali 8, na tatu zilikwenda Dublin. Siwalaumu Cuala wala Na Fianna, nao wamefanya kazi yao. Nasema tu kwamba anayetaka kujua upepo unaelekea wapi, asiangalie kabati la vikombe la Ballyhale. Aangalie shule za vijijini, ahesabu watoto.

Hapo ndipo pa kupigia kelele. Bodi za kaunti zipeleke makocha kwenye shule za vijiji vinavyokauka. Vijiji visivyotimiza timu viruhusiwe kuunganisha watoto wao mapema, kabla klabu haijafa. Na wazee wa klabu wanaokataa kuungana kwa sababu ya ugomvi wa babu zao wakumbushwe kwamba hilo "jitu" wanalolilalamikia kila msimu lilianza hivyo hivyo: vijiji vitatu vilivyomeza kiburi mwaka 1972.

Ukiwagawa Ballygunner leo, utapata bingwa mwingine mwakani. Kijiji kilichobaki na vijana tisa bado kitakuwa na vijana tisa.

Naomba kutoa hoja. Mwenye kunipinga anipinge, lakini aje na hesabu.