Mfalme Akifa, Asemwe

“Maiti hasemwi.” Kila anapokufa mtawala, barazani kwetu hatokosekana wa kulitoa neno hili ili kumnyamazisha mwenziwe. Kwa jirani ni adabu njema: marehemu hawezi tena kujitetea, na wanawe wamekaa matangani wanasikia. Kwa aliyekalia kiti cha enzi, siioni haki yake.

Septemba 2022, Malkia Elizabeth wa Pili alipofariki, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza maombolezo ya siku nne, bendera nusu mlingoti. Tarehe 19 tulijaa sebuleni kwa jirani hapa Kizingo, Mombasa, tukawatazama mabaharia wakilikokota gari la mzinga lenye jeneza, taji juu yake. Sitasema uongo, yalipendeza. Mamia ya watu, mguu mmoja, hakuna anayekosea. Bibi mmoja alifuta machozi, akasema hazikwi vile ila aliyependwa. (Bibi huyo huyo hulalamika maiti wetu akicheleweshwa hata baada ya alasiri.) Ndipo kijana mmoja akauliza: na Hola je? Ami yake akamkata jicho. “Mwanangu, maiti hasemwi.”

Hola si mbali, ni Tana River, Pwani hii hii. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa kambi ya kizuizi ya wakoloni iliyokuwa huko walipigwa na askari mpaka wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ikadai walikufa baada ya kunywa maji. Malkia alikuwa na miaka saba kitini. Najua nitaambiwa hakutoa amri yeye, watendaji ni mawaziri. Haya. Lakini koloni liliendeshwa kwa jina lake. Ikiwa jina lake lilitosha kumtia mtu kambini, kwa nini lisitoshe kuulizwa?

Wanaotuziba midomo kwa dini nao wakumbuke hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim. Jeneza lilipita, watu wakamsifu maiti; likapita jingine, wakamtaja kwa ubaya. Mara zote mbili Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema imethibiti, kisha akawaeleza kuwa wao ni mashahidi wa Mwenyezi Mungu katika ardhi. Naam, tumehimizwa pia kutaja mema ya wafu wetu, na kwa jirani naliheshimu hilo. Lakini shahidi aliyekatazwa nusu ya anayoyajua ni shahidi gani?

Halafu kiti hakifi. Siku ile ile aliyokufa mama, mwana alikuwa mfalme, na mali ya ufalme ikabaki nyumbani. Kinachotakiwa kuzikwa ni madai peke yake. Mfalme akiwa hai, kumuuliza ni utovu wa adabu. Akifa ni dhambi. Akizikwa, mrithi hakuwapo. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 waliodai mateso ya enzi hizo, na haikulipa kwa sababu tulinyamaza kwa heshima. Watu walikwenda mahakamani, Malkia akiwa hai. Mfalme Charles, mwana huyo, alipokuja Kenya mwaka 2023, Nairobi alitaja huzuni na majuto. Radhi hakuomba.

Msinione nawaandama Waingereza tu. Seyyid Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, alifariki Muscat tarehe 30 Desemba 2024. Wazee wetu walimsikitikia, na wana haki: alipinduliwa Januari 1964, meli yake ikakataliwa kutia nanga hapa Mombasa, na miongo mingi ya uhamisho aliipitisha Uingereza. Ila ni katika enzi yake, Oktoba 1963, ndipo mamlaka ya Sultani juu ya Mwambao, ukanda huu wetu wa pwani, yalipokabidhiwa Kenya kwa mkataba, bila watu wa Mwambao kupiga kura. Na kabla ya hapo, bendera nyekundu ya ukoo huo ilipepea juu ya Ngome ya Yesu hapa Mombasa wakati ndani Waingereza wameifanya jela, mpaka 1958. Bendera ya nani ilikuwa inamlinda nani?

Niliuliza hayo wiki ile ya msiba wa Jamshid, tena kwa sauti ya chini. Mzee mmoja akanambia nisubiri arubaini ipite. Imepita, na barazani hakuna aliyelirejea swali langu.